Mshindi Asiye na Ulimi: Karanja na Hatia ya Ushindi katika A Grain of Wheat

Wahakiki walio wengi wanaoikabili riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, A Grain of Wheat (1967), humwendea Mugo kwanza, na wengi wao hawatoki kwake. Si ajabu. Mugo ndiye aliyemtia Kihika mikononi mwa serikali ya kikoloni; ndiye ambaye kijiji kizima cha Thabai kinamdhania shujaa; na ndiye anayesimama mbele ya umati siku ya Uhuru akajitaja mwenyewe. Hatia yake ina mwanzo, ina kilele na ina mwisho, na yeyote anayetaka kuandika juu ya hatia hukuta kazi imekwisha kurahisishwa na mtunzi.

Hata hivyo Mugo hakuwa na marafiki. Ni yatima aliyelelewa na shangazi mlevi, Waitherero, ambaye alitamani kumwua; alikua peke yake, akalima peke yake, akala peke yake. Kihika hakuwa mwandani wake. Alimwonea wivu kwa sababu Kihika alikuwa na baba, mama na ndugu wa kumlilia, ilhali yeye hakuwa na mtu. Hatia ya Mugo basi ni ya mtu aliyesimama nje ya ua akarusha jiwe ndani. Hatia inayochunguzwa hapa ni ya mtu aliyekulia ndani ya ua huo, akacheza na wenziwe, akaufahamu umaskini wao kwa kuwa ulikuwa wake pia, kisha akawashinda. Katika riwaya hii mtu huyo ni Karanja, na ni jambo la kustaajabisha kwamba uhakiki umemtupa haraka katika jaa la vibaraka bila kumwuliza swali lolote.

Mambo yanaanza kwa mchezo. Kabla ya kutangazwa kwa Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, vijana wa Thabai walikuwa na desturi ya kwenda stesheni ya Rung'ei siku za Jumapili kulitazama gari la moshi. Hawakuwa na safari. Gari lenyewe lilipita katika ardhi ambayo sehemu kubwa yake ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na walowezi, likawabeba watu wengine likaenda zake. Lakini stesheni ilikuwa mahali pa kukutana, pa kuonyeshana nguo, pa kuchumbiana, na wakati mwingine pa kupigana. Jumapili moja, vijana wakiwa katika mazungumzo, mlio wa gari unasikika, na wote wanatoka mbio. Gikonyo na Karanja wanashindana. Wote wawili wanampenda Mumbi, dada yake Kihika, ingawa hakuna aliyekwisha kulisema hilo waziwazi. Njiani Gikonyo anapunguza mwendo, anabaki nyuma na Mumbi, na wawili hao wanaingia mwituni. Karanja anafika wa kwanza.

Hapa ndipo penye kiini cha riwaya yote, na yafaa kupatazama bila haraka. Karanja anasimama kwenye jukwaa la stesheni akihema, mshindi, na hakuna aliyekuja kumshuhudia. Anangoja. Taratibu anaelewa kwa nini wale wawili hawaji. Kisha anajiwa na njozi: anawaona watu wote wakikimbia ovyo kila upande, wanaume wakiwakanyaga wanawake, akina mama wakiwasahau watoto, viwete na wanyonge wakiachwa palepale jukwaani. Kila mtu yuko peke yake na Mungu wake. Njozi hiyo inamtisha kwa jinsi ilivyo wazi, naye anajikaza tayari kwa mapambano ya kuishi. Kutoka siku hiyo Karanja amekwisha kuwa yule atakayekuwa. Kitambaa cha kufunika uso, cheo cha Chifu na bunduki ni mambo yaliyofuata tu.

Msomaji wa Kiswahili ana faida fulani mbele ya tukio hili ambayo msomaji wa Kiingereza hana. Katika Kiswahili mshindi, mshinde, mshindani na mashindano ni ndugu wa mzizi mmoja. Aliyeshinda na aliyeshindwa wanatofautiana kwa irabu moja tu ya mwisho, i na e, na neno mshinde, japo siku hizi halisikiki sana midomoni, limo katika makamusi na lingefaa kurudishwa kazini. Zaidi ya hayo, kushinda pia ni kukaa mchana kutwa: mtu hushinda shambani, hushinda njaa, hushinda peke yake. Karanja pale stesheni anashinda kwa maana zote mbili. Ameshinda mbio, na ameshinda akingoja. Ngũgĩ hakuandika kwa Kiswahili, na si haki kumsifu kwa jambo ambalo lugha yetu ndiyo iliyolizaa. Lakini tukio alilolijenga linaingia katika lugha hii kana kwamba lilikuwa likisubiriwa.

Hali ya Hatari inapofika, mchezo unageuka kuwa maisha. Kihika anaingia msituni, anaiteka ngome ya polisi ya Mahee, na hatimaye ananyongwa mtini. Gikonyo anachukuliwa kizuizini na kukaa huko miaka sita. Thabai ya zamani inateketezwa na watu wake kukusanywa katika kijiji kipya, kama walivyokusanywa kwa nguvu zaidi ya watu milioni moja katika Mkoa wa Kati miaka hiyo. Wanachimbishwa handaki kwa mapigo. Karanja anaikana kiapo chake, anajiunga na homugadi, na baadaye anakuwa Chifu. Sababu anayompa Mumbi ni nyepesi na nzito kwa pamoja: hakutaka kwenda mbali naye. Anamweleza pia kwamba mwoga huishi akarudi kumwona mamaye, na shujaa huachwa amelala vitani. Wazo hilo halihitaji kufafanuliwa kwa Mswahili aliyekwisha kusikia kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Tofauti ni kwamba methali yetu husemwa na watu wa nyumbani wanaofurahi kumwona mtu wao amerudi salama. Karanja anaisema mwenyewe, katika nyumba ambayo mume wake yuko kizuizini na shemeji wa mume huyo ameuawa, na hakuna anayecheka.

Kazi yake ya kwanza katika utumishi huo ilikuwa ya kuvaa gunia kichwani. Wanakijiji walipitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyefunikwa uso, naye kwa kutikisa kichwa aliamua nani aende kizuizini na nani arudi nyumbani. Watu wa Mkoa wa Kati walimwita mtu wa namna hiyo gakunia, yaani kigunia. Neno gunia walilitwaa katika Kiswahili, wakalitia kiambishi chao cha udogo, likawa jina la kitu cha kutisha kuliko vyote kijijini. Mwanaisimu ataridhika na maelezo hayo, mhakiki hawezi. Kile kigunia ndicho kinachomfanya Karanja awashinde wenziwe bila kuonwa nao. Mshindi wa mbio za Jumapili alitaka sana kushuhudiwa akakosa shahidi. Mshindi wa Hali ya Hatari anawaona wote kupitia matundu mawili, na anaomba asionwe na yeyote.

Je, mtu huyu ana hatia? Swali hilo linaweza kujibiwa tu baada ya kuuliza lingine: kwa Kiswahili, hatia ni nini? Mfasiri yeyote wa riwaya hii angekwama hapa kabla ya kukwama penginepo. Hatia yetu kimsingi ni hali ya mtu mbele ya hukumu: ana hatia au hana hatia, na kadhi au hakimu ndiye anayesema. Dhambi ni ya mtu mbele ya Mungu. Haya na soni ni za mbele ya watu. Majuto huja nyuma, kama isemwavyo kila siku. Lile linaloitafuna nafsi ya mtu ndani kwa ndani, pasipo hakimu wala shahidi, halina nomino yake ya asili iliyokaa sawasawa, lina kitenzi. Husemwa kwamba nafsi yake inamsuta.

Na kusuta si tendo la ndani. Katika miji ya pwani, kusuta ni kumwendea mtu mlangoni pamoja na mashahidi na kumkabili kwa maneno aliyoyasema nyuma ya migongo ya watu, mpaka akose pa kuficha uso. Ni hukumu ya mtaa, na mara nyingi ni ya wanawake. Lugha ilipotaka kuieleza dhamiri iliazima kitendo hicho cha hadharani: nafsi ya mtu inamjia mlangoni pake na mashahidi wake. Kama hivyo ndivyo, basi dhamiri kwa mujibu wa Kiswahili huhitaji watu. Mtu asiyekuwa na mlango wa kujiwa, wala mashahidi wanaomjua tangu utotoni, hana njia ya kusutwa hata na nafsi yake mwenyewe.

Ukiisoma kwa jicho hili, siku ya Uhuru pale Rung'ei, tarehe 12 Desemba 1963, ni msuto mkubwa ulioandaliwa. Jenerali R. na wenzake wamekusudia kumtaka msaliti wa Kihika ajitokeze mbele ya umma. Wao wanaamini msaliti huyo ni Karanja. Mumbi, ambaye ana kila sababu ya kumchukia, anajaribu kumwonya. Karanja anakwenda hivyo hivyo. Kwa nini anakwenda? Riwaya inatupa sababu ya juujuu, kwamba anataka kumwona Mumbi. Lakini mtu aliyekwisha kuishi kwa hila miaka yote hiyo hajipeleki mlangoni pa watu wenye panga kwa ajili ya kumwona tu mke wa mtu. Tafsiri inayoonekana kuwa na nguvu zaidi ni kwamba Karanja anautaka ule msuto. Amekuja ili aambiwe.

Kabla ya hotuba kuna michezo, na katika michezo kuna mbio ndefu. Gikonyo na Karanja wanakimbia tena, watu wazima sasa, na kila mmoja anakumbuka ile Jumapili. Hapana haja ya kuisifu ishara hii. Iko wazi mno, pengine kupita kiasi, na msomaji mkali anaweza kulalamika kwamba mtunzi ameturudisha kwa mkono mahali ambapo tungerudi wenyewe. Lakini mwisho wa mbio hizo hautabiriki. Hakuna kati yao anayeshinda. Wanaanguka pamoja, Gikonyo anavunjika mkono, na Mumbi anamkimbilia Gikonyo. Karanja ameanguka palepale, na hakuna wa kumkimbilia. Hata pale anaposhindwa, hana nafasi ya kuwa mshinde kama washinde wengine.

Kisha unakuja wito. Umati unangoja Karanja asimame, naye mwenyewe bila shaka anangoja. Anayesimama ni Mugo. Wasomaji wengi wameliona tendo la Mugo kuwa ni ushujaa wa kweli wa riwaya, na ni kweli. Lisiloangaliwa sana ni lile ambalo tendo hilo linamfanyia Karanja. Linamwokoa uhai wake, na papo hapo linamnyang'anya msuto wake. Mashtaka yaliyoandaliwa yalikuwa ya uongo kwa habari ya Kihika, lakini yangekuwa mlango wa mashtaka ya kweli: kigunia, uchifu, mtoto wa Mumbi. Mara mlango ukafungwa. Watu wa Thabai wana msaliti wao, wametosheka, wametawanyika kwa huzuni, na aliyewashinda wao wote kwa miaka mingi anaondoka bila kuulizwa neno.

Atakayepinga atasema kwamba Karanja hana hatia ya kuulizwa. Ni mfuata upepo anayesikitika kwa sababu tu mabwana zake wanaondoka. Upo ushahidi wa kumsaidia mpinzani huyo. Kule Githima, anakofanya kazi katika maktaba ya Wazungu, Karanja anahangaika kujua kama John Thompson kweli anaenda zake, na hofu yake ni hofu ya mbwa asiyejua nani atamlisha kesho. Lakini hofu hiyo haielezi kile kinachomkuta baada ya mkutano. Anakwenda kwa mamaye, Wairimu, anachukua vitu vyake, na anatoka Thabai. Kwenye kivuko cha reli gari la moshi linampita karibu sana, na hapo fikira zinamrudisha kwenye kile kigunia. Mtu aliyehuzunikia mkate tu asingekumbushwa kigunia na gari la moshi. Aliyekumbushwa ni yule kijana wa Jumapili, na reli ni ileile.

Hapa ndipo lawama inapomstahili mtunzi. Riwaya hii ni riwaya ya maungamo. Gikonyo anamweleza Mugo jinsi alivyokiri kiapo kizuizini na jinsi sauti ya nyayo zake mwenyewe sakafuni inavyomwandama. Mumbi anamweleza Mugo habari za Karanja. Mugo anamweleza Mumbi, kisha anaueleza umati. Kila mtu amepewa sikio la mwenziwe. Karanja peke yake hana sikio. Yanayompita moyoni tunayapata kwa msimulizi, haraka haraka, na pale kwenye kivuko cha reli msimulizi anamwacha. Inawezekana kusema kwamba ukimya huo ndio ukweli wenyewe wa Kenya ya baada ya 1963, ambapo watu walitakiwa wasahau yaliyopita na walinzi wa jana wakaishi mlango kwa mlango na waliofungwa kwa ushahidi wao. Marufuku ya kisheria dhidi ya Mau Mau yenyewe haikuondolewa mpaka 2003. Mnamo 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso ya miaka ile na kukubali kuwalipa wadai zaidi ya 5,000. Baina ya jirani na jirani, aliyevaa kigunia na aliyepitishwa mbele yake, hakukuwa na hati ya namna hiyo. Lakini jibu hilo linaeleza kwa nini Thabai ilinyamaza, halielezi kwa nini riwaya inyamaze. Kazi ya riwaya ilikuwa kusikia yale ambayo kijiji hakikutaka kuyasikia.

Riwaya ya Kiswahili nayo haikufanya vizuri zaidi. Katika Kichwamaji cha Kezilahabi (1974), Kazimoto na Manase ni vijana waliotoka mahali pamoja wakapanda ngazi moja ya elimu. Manase anamharibia Kazimoto dada yake Rukia. Kazimoto anakusudia kulipiza kwa Sabina, dada yake Manase, na mwisho anamwoa. Zana zote za hatia ya ushindi zimo humo: usomi, kijiji kilichoachwa nyuma, urafiki uliogeuka kisasi. Lakini Kazimoto anapojiua, anakufa kwa kuikatia tamaa dunia nzima. Falsafa imemfunika uso, nayo ni kigunia cha heshima zaidi. Wale aliowapita njiani wanabaki kuwa mandhari.

Ngũgĩ mwenyewe alilijua jambo hili kwa karibu kuliko wengi. Katika Weep Not, Child (1964) Njoroge anapopata nafasi ya kwenda Siriana, wanakijiji wanachanga, naye anakuwa mtoto wa nchi badala ya mtoto wa Ngotho. Mzigo wa kuwashinda wenziwe amevishwa kama taji. Mwaka 1955 Ngũgĩ aliingia Alliance High School, na katika kumbukumbu zake alizozichapisha mwaka 2012 ameeleza jinsi alivyorudi likizo ya kwanza akaikuta nyumba yao haipo na watu wamehamishiwa kijiji kipya. Ndani ya shule kulikuwa na usalama. Nje kulikuwa na handaki. Si busara kuisoma riwaya kama shajara ya mtunzi, na makala haya hayadai kwamba Karanja ni Ngũgĩ. Linalodaiwa ni dogo zaidi: aliyeiandika ile njozi ya stesheni, ya wanyonge walioachwa jukwaani, alipata kuwa mtu aliyefika wa kwanza akageuka nyuma kutazama.

Alipoirekebisha riwaya mwaka 1986, alimwondolea Koinandu kosa la kumnajisi Dkt. Lynd na akabadilisha baadhi ya istilahi za kisiasa, ili wapiganaji wa msituni wasimame imara zaidi. Marekebisho hayo yana hoja yake. Lakini yanaonyesha pia hatia ya nani ilikuwa ikimsumbua mtunzi miaka ishirini baadaye: ya wapiganaji. Mshindi mwingine wa riwaya, yule Mbunge ambaye Gikonyo na wenziwe wanamwomba awasaidie kupata mkopo wa kununua shamba la Burton, kisha wanagundua kwamba amelinunua yeye, hahitaji marekebisho yoyote. Huyo hana njozi wala kivuko cha reli. Amewashinda waliompigia kura na hata hakujua kwamba walikuwa mbioni. Ukimlinganisha naye, Karanja anaonekana karibu kuwa mtu mwema, na hilo pengine ndilo lililomfanya mtunzi asitake kukaa naye muda mrefu.

Kitu kimoja cha Karanja hakiondoki Thabai. Ni yule mtoto, aliyepatikana siku Karanja alipomletea Mumbi habari kwamba mumewe anarudi, na Mumbi kwa kuchanganyikiwa kwa furaha akajikuta hana nguvu ya kukataa. Riwaya nzima Gikonyo hawezi kumtazama mtoto huyo. Mwishoni, amelala hospitalini na mkono uliovunjika, anafikiria kigoda atakachokichonga, na Mumbi anapokuja kumtazama, anamwuliza habari za mtoto. Mumbi hamruhusu kulimaliza jambo hilo upesi. Yapo mengi ya kuzungumza, na itabidi wayazungumze taratibu. Huko ndiko yalikokwenda maungamo ambayo Karanja hakuyatoa. Yamebaki katika nyumba ya mshinde, yanangoja yajue kusema.